Mkongojo, Bakora au Upondo? Lugha ya Kufundishia Mwendo wa Fimbo Mbili kwa Wazee wa Gikomba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna zoezi la kutembea kwa fimbo mbili, lililoanzia Ufini, linavyoweza kuelezwa na kufundishwa kwa Kiswahili miongoni mwa wazee wa Gikomba na mitaa inayolizunguka soko hilo jijini Nairobi. Hoja kuu ni kwamba kikwazo cha kwanza cha zoezi hili ni jina. Fimbo ya mzee katika Kiswahili imekwisha kubebeshwa maana, na maana iliyo karibu zaidi, ile ya mkongojo, inapingana na lengo lenyewe la zoezi. Makala yanalinganisha maneno mkongojo, bakora na upondo, yanapendekeza istilahi, kisha yanatoa mfano wa lugha ya somo kwa kuzingatia mazingira ya soko na adabu ya kuzungumza na wazee.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hii ni ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu anachoweza kufanya yule aliyekwisha kuachwa na moshi huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi umri wa miaka 60. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakenya wa umri huo na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Wengi wao wangali kazini, hasa katika biashara ndogo ndogo ambazo hazina siku ya kustaafu.

Gikomba ni mfano bayana wa hali hiyo. Soko hili, lililo kando ya Mto Nairobi baina ya Pumwani na Shauri Moyo katika eneo bunge la Kamukunji, linajulikana kote Afrika Mashariki kwa mitumba. Humo pia huuzwa samaki, nafaka, mbao na vyombo vya chuma. Marobota hufunguliwa alfajiri, na anayetaka nguo za daraja la kwanza, zile ambazo wachuuzi huziita kamera, sharti awahi. Vijia ni vyembamba, ardhi haiko sawa, na mikokoteni hupita bila kungoja. Mahali kama hapa, uthabiti wa miguu ni mtaji sawa na fedha.

Tena wakati mwingine ni suala la uhai. Soko hili limeteketea mara nyingi. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliwaua watu 15. Mchuuzi mzee anayeweza kuinua mguu juu ya kizuizi, kugeuka bila kuyumba na kwenda kwa kasi kwa dakika chache ana nafasi ya kujiokoa asiyokuwa nayo mwenzake aliyedhoofika. Kwa hiyo mazoezi ya viungo kwa wazee wa mahali hapa si anasa ya wenye nafasi.

2.0 Mwendo wa Fimbo Mbili

Zoezi linalojadiliwa hapa lilitokana na mazoezi ya wanamichezo wa Ufini wanaoteleza juu ya theluji kwa fimbo mbili. Wakati wa kiangazi, theluji ilipoyeyuka, wanamichezo hao waliendelea kutembea na kukimbia wakiwa na fimbo zao ili wasipoteze nguvu za mikono na pumzi. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo iliwafikia watu wa kawaida. Mnamo 1997 kampuni ya Exel ya nchini humo ilitoa fimbo zilizotengenezwa mahususi kwa mwendo huu, na mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la zoezi hili likaundwa huko huko Ufini.

Jambo la kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha ni kwamba Wafini hawakuazima jina. Waliliita zoezi lao *sauvakävely*, neno lililoundwa kwa maneno yao mawili: *sauva*, yaani fimbo, na *kävely*, yaani kutembea. Jina la Kiingereza *Nordic Walking*, ambalo ndilo lililoenea duniani, linataja asili ya zoezi, yaani nchi za kaskazini mwa Ulaya, na kukiacha kando chombo chenyewe. Msikilizaji wa jina la Kifini anaona fimbo. Msikilizaji wa jina la Kiingereza anaona ramani.

Kuhusu faida, ushahidi uliopo unatia moyo. Utafiti uliofanywa Dallas nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kutembea kwa fimbo hizi huongeza matumizi ya oksijeni na nguvu za mwili kwa wastani wa asilimia 20 kuliko kutembea mikono mitupu. Sababu yake ni wazi: misuli ya mikono, mabega, kifua na mgongo hushirikishwa katika kazi ambayo kwa kawaida huachiwa miguu. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2013 yaliona manufaa katika mapigo ya moyo, shinikizo la damu na uwezo wa kustahimili kazi. Mapitio mengine ya mwaka 2018, yaliyohusu wazee peke yao, yalitaja pumzi, nguvu za misuli na ubora wa maisha.

Hata hivyo, lisidaiwe lisilothibitishwa. Husemwa mara nyingi kwamba fimbo huyapunguzia magoti mzigo, lakini vipimo vilivyofanywa katika maabara havikubaliani juu ya jambo hilo. Mwalimu wa zoezi asimwahidi mzee mwenye maumivu ya goti kwamba fimbo zitamponya.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Fauka ya hayo, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na yale ya nguvu na uwiano wa mwili siku tatu au zaidi, ili kuepuka kuanguka. Dakika 30 kwa siku tano zinakitimiza kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani. Yamkini mtu atauliza: je, mzee wa Gikomba hatembei vya kutosha? Hutembea, lakini kutembea kwake hukatizwa kila hatua na msongamano, na baada ya hapo huketi kwenye kigoda saa nyingi akiwasubiri wateja. Kubeba mzigo kichwani au mgongoni nako ni kazi, bali si mafunzo ya mwili: hukaza shingo na kiuno, wala hakumfundishi mtu kugeuka na kujizuia asianguke. Methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake inamfaa mzee huyu: miguu yake huliwa kila siku bila kulishwa.

3.0 Fimbo ya Mzee katika Lugha na Jamii

*3.1 Mkongojo*

Neno la kwanza linalomjia mzungumzaji wa Kiswahili anapomwona mzee na fimbo ni mkongojo. Nomino hii inatokana na kitenzi *kongoja*, yaani kwenda kwa taabu na kuyumba kama mgonjwa au mtu aliyechoka kwa uzee. Kwa hivyo udhaifu umo ndani ya mzizi wa neno lenyewe. Mkongojo ni chombo cha mtu anayekongoja, na anayekabidhiwa mkongojo amekwisha kuambiwa kuwa anakongoja.

Kimatumizi pia mkongojo hufanya kazi kinyume na fimbo za zoezi. Mkongojo hutangulizwa mbele, nao hupokea uzito wa mwili ulioegemezwa juu yake. Fimbo ya zoezi haitangulizwi mbele ya mwendaji: ncha yake huchomekwa kwa mshazari, ikielekea nyuma, kisha husukumwa ili mwili uende mbele. Mkongojo huuzuia mwili usianguke, ilhali fimbo ya zoezi huuendesha. Kumfundisha mtu zoezi hili kwa neno mkongojo ni kumfundisha kosa tangu hatua ya kwanza, kwa maana ataegemea mahali alipotakiwa kusukuma.

Aidha, kuna suala la hadhi. Mchuuzi mzee anayeshika mkongojo sokoni huenda akaanza kuulizwa lini atarudi mashambani. Si ajabu basi kwamba wapo wazee wanaokataa fimbo hata pale daktari anapoipendekeza. Wanachokikataa si kipande cha mti bali ni jina lake.

*3.2 Bakora, kifimbo na muthigi*

Si kila fimbo ya mzee ni ya unyonge. Bakora, fimbo yenye kishikio kilichopinda, ilikuwa pambo la muungwana wa Pwani. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kifimbo chake, na nchini Kenya watu walizungumza juu ya fimbo ya Nyayo kwa kumaanisha mamlaka ya Rais Daniel arap Moi, ambaye rungu lake halikumtoka mkononi. Miongoni mwa Wakikuyu, ambao ni wengi katika biashara ya Gikomba, muthigi ni fimbo ya mzee aliyekubaliwa katika baraza. Kuishika ni kupewa haki ya kusikilizwa.

Maneno haya yanarejesha heshima inayonyang'anywa na mkongojo. Lakini nayo yana kasoro mbili. Kwanza, fimbo hizi ni moja moja, na ni za mwanamume zaidi kuliko mwanamke, ilhali nyuma ya meza nyingi za Gikomba wameketi akina mama. Pili, bakora imeingia katika lugha ya adhabu. Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na bado mtu mzima akisikia bakora hukumbuka maumivu ya darasani. Neno la heshima kwa babu linaweza kuwa neno la hofu kwa mjukuu wake.

*3.3 Upondo*

Kiswahili kina neno la tatu ambalo halihusiani na uzee hata kidogo. Upondo ni mti mrefu anaoutumia mwenye mtumbwi katika maji machache. Huuchomeka chini, huusukuma, na chombo husonga mbele. Anayeshika upondo hauegemei kwa kuwa amechoka, bali huutumia kwa kuwa anasafiri.

Hakuna neno linaloelezea kwa usahihi zaidi mwendo wa mkono katika zoezi hili. Ncha hukaa mahali pamoja ardhini, mkono husukuma kuelekea nyuma, na mwili hupita kando ya fimbo kama mtumbwi unavyoupita upondo. Mwendaji wa zoezi ni chombo na nahodha kwa pamoja. Kwa bahati mbaya, neno hili ni la ufukweni. Mzee wa Majengo, mtaa mkongwe wa Waswahili wa Nairobi, huenda akalielewa. Jirani yake aliyetoka Murang'a, Machakos au Siaya huenda asilielewe.

4.0 Uteuzi wa Istilahi

Wanafunzi wa Kiswahili wanavifahamu vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, iktisadi, uwazi, kuepuka matusi na kukubalika. Vigezo hivyo vinasaidia kuchuja majina yanayoweza kutolewa kwa zoezi hili.

(a) *Kutembea na mikongojo.* Jina hili ni wazi, lakini si sahihi wala halikubaliki, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

(b) *Kutembea na fimbo.* Jina hili linaonekana halina hatia. Hata hivyo, Kiswahili cha mazungumzo kinalitumia fungu la maneno *kutembea na* kwa maana ya kuwa na uhusiano wa kimapenzi, na neno *mtembezi*, hasa likisemwa juu ya mwanamke, si sifa njema. Mwalimu kijana atakayewaita akina nyanya waje kutembea na fimbo atawachekesha kabla hajawafundisha.

(c) *Upondo.* Ni sahihi na lina iktisadi, bali si wazi kwa msikilizaji wa bara.

(d) *Mwendo wa fimbo mbili.* Jina hili linapendekezwa na makala haya. Nomino *mwendo* haina doa. Inahusu hatua, kasi na hata tabia njema. Kivumishi *mbili* ndicho kinachobeba uzito wa istilahi nzima, kwa kuwa mkongojo ni mmoja na bakora ni moja. Fimbo zikishakuwa mbili, picha ya uzee inavunjika na nafasi yake inachukuliwa na picha ya mchezo.

Hapa inafaa kukumbuka kitendawili cha Wayunani kinachohusishwa na kisa cha Edipode: kiumbe gani huenda kwa miguu minne asubuhi, miwili adhuhuri na mitatu jioni? Jibu ni binadamu, na mguu wa tatu ni mkongojo. Mwendo wa fimbo mbili unakiharibu kitendawili hicho, maana mzee wa jioni anakuwa na miguu minne tena, wala hatambai.

Upondo usitupwe lakini. Uwe neno la maelezo pale msikilizaji anapolijua, na pale asipolijua itafutwe picha ya karibu. Gikomba inayo picha hiyo tayari: msukumaji wa mkokoteni. Anapopanda mlima huinama kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka, na nguvu zake zote huzielekeza ardhini nyuma yake.

5.0 Mahali, Wakati na Vifaa

Zoezi hili halifanyiki ndani ya soko. Fimbo mbili katika kijia chenye msongamano zitawakwaza wapita njia, na huenda zikadhaniwa kuwa silaha. Kunahitajika uwanja wa wazi, kama ule wa Kamukunji ulio jirani, ambao kwa wengi ni uwanja wa siasa tangu siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990. Wakati mwafaka ni ule usioingilia ufunguzi wa marobota: alasiri baada ya biashara kupoa, au siku ambayo mchuuzi hafungui. Mpango unaomtaka mchuuzi aache meza yake alfajiri umeshindwa kabla ya kuanza.

Urefu wa fimbo hupatikana kwa kuzidisha kimo cha mtu kwa 0.68. Mwenye kimo cha sentimita 160 anahitaji fimbo za sentimita 109 hivi. Akiisimamisha fimbo wima na kuishika, kiwiko chake kitafanya takriban pembe mraba. Fimbo za kiwandani ni ghali, lakini Gikomba ina maseremala, na Kamukunji ina mafundi wa jua kali. Fimbo mbili nyepesi, zilizonyooka na zenye urefu sawa, zikiwekewa ukanda wa kiganja, zinatosha kwa mwanafunzi wa kwanza. Ncha ivishwe kipande cha tairi kuukuu, mpira ule ule unaotengenezewa viatu vya akala, ili isiteleze kwenye lami.

6.0 Lugha ya Somo

Upande uo huo wa mashariki ya Nairobi kuna kielelezo kinachofaa kuchunguzwa. Katika mtaa wa Korogocho, tangu muongo wa 2000, wanawake wazee wamekuwa wakifundishwa kujilinda dhidi ya wabakaji: kupiga ngumi, kupiga teke na kupaza sauti ya kukataa. Mafunzo hayo yanajulikana kama *Shosho Jikinge*. Jina hili lina maneno mawili tu, nayo yanatosha. *Shosho* ni neno la ukoo lililotoka kwa Wakikuyu na kuenea mitaani kwa maana ya bibi au nyanya. Linaita bila kudharau. *Jikinge* kina kiambishi *ji-* cha kujirejelea, ambacho kinamfanya mzee awe mtenda na mtendwa kwa pamoja. Haambiwi kwamba atakingwa, anaambiwa ajikinge.

Mwelekeo huu unaafikiana na Kifungu cha 57 cha Katiba, ambacho kinataja haki ya wazee ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji kutoka kwa familia na Serikali. Kati ya haki hizo nne, ni ile ya mwisho tu inayomweka mzee katika nafasi ya kupokea.

Kwa kuzingatia hayo, lugha ya somo iwe na sifa tatu. Kwanza, mwalimu awaite wanafunzi wake kwa majina ya heshima wanayoyapenda wenyewe, kama vile mzee, guka, mama, shosho au bibi, na aanze kwa salamu inayostahili umri wao. Pili, aepuke amri ya moja kwa moja. *Sukuma!* ni amri ya mkubwa kwa mdogo, lakini *tusukume* inamweka mwalimu katika mstari mmoja na wanafunzi. Tatu, kila hatua iwe na kitenzi kimoja tu, kisichobadilishwa hadi mwisho wa somo. Hatua zenyewe ni nne:

1. *Tukokote.* Mikono inaning'inia, fimbo zinakokotwa nyuma, na watu wanatembea kama kawaida. Mkono wa kulia utaandamana na mguu wa kushoto wenyewe, bila kufikiriwa. Kitenzi hiki ndicho kilichozaa neno mkokoteni, hivyo hakuna asiyekijua.

2. *Tuchomeke.* Mkono unaokwenda mbele unainuka kidogo kama wa mtu anayetaka kumsalimu mwenzake, na ncha inagusa ardhi bila kuupita mguu ulio mbele.

3. *Tusukume.* Mkono unasukuma fimbo hadi kupita nyonga. Hapa ndipo upondo au mkokoteni utajwe.

4. *Tuachilie.* Mkono ukifika nyuma, vidole vinafunguka, na ukanda unaizuia fimbo isianguke. Kisha mkono unarudi mbele ukiwa umelegea.

Dakika 10 zinatosha kwa siku ya kwanza, na ziongezwe kidogo kidogo. Kipimo cha kasi kipatikane kwa lugha yenyewe: mwendaji aweze kuzungumza sentensi nzima, lakini asiweze kuimba. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au kizunguzungu amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua ni ishara ya kusimama na kutafuta msaada mara moja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufasiri zoezi ni zaidi ya kufasiri jina lake. Mwendo wa fimbo mbili ukiingia Gikomba kwa neno mkongojo, utaingia pamoja na udhaifu uliomo katika mzizi wa neno hilo, na wazee watakuwa na haki ya kuukataa. Ukiingia kwa jina linalotaja mwendo, fimbo zilizo mbili na kitendo cha kusukuma, utakuta tayari mahali palipojaa watu wanaojua maana ya kusukuma.

Inapendekezwa basi kwamba wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa idara za afya na michezo pale miongozo ya mazoezi inapoandaliwa, badala ya kungoja kuletewa tafsiri iliyokamilika ili waisahihishe viambishi. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu msamiati wa mwili na mazoezi unaotumiwa na wazee wenyewe, hususan wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya sokoni na si ya nyumbani. Msamiati huo unastahili kukusanywa mapema, wakati wenyewe wangali wakiweza kuueleza wakiwa wamesimama.